Mapipa ya Mwisho wa Reli

Mutu wa kwanza kununua kinga mu mustari yetu ya nyumba alikuwa tata yangu. Kinga, ni kusema baiskeli, nyeusi, na kengele yenye ililia vizuri kupita ile ya kanisa. Mi nilikuwa na miaka saba ao nane. Mama hakuwa mutu wa kuandika siku ya kuzaliwa, alisema tu nilizaliwa mwaka wenye nzige walikula mihindi yote.

Tata alijua kupanda, alijua kukanyaga. Kusimama, hapana. Freni ya mukono alikuwa anaiogopa. Alisema mutu mwenye kuikamata atarukia mbele na kuvunja meno, na meno yake alikuwa anayapenda. Sasa kila siku akitoka kazi anashuka kilima cha kambi, anapiga kengele, bamama banavuta batoto babo ndani, na yeye anaenda moja kwa moja kuingia mu fungu ya majani yenye mama alikuwa anakausha juu ya kufunika nyumba ya kuku. Anaingia mpaka mabega. Halafu anatoka, anapanguza suruali, anasalimia majirani sawa mutu mwenye kushuka mu treni.

"Tata ya batoto," mama alimwambia siku moja, "kuku wanalala inje sababu ya kinga yako."

"Kuku haiendake kazi," tata akajibu. "Mi ninaenda."

Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, njo mwenye alimaliza ile mambo. Siku ya Mungu, tata akiwa amelala, yaya alifungua freni, akaisafisha na petroli ya taa, akaweka kipande cha mpira wa gari mahali pa ile yenye iliisha, akapanda juu ya kilima. Alikuwa na miaka kumi na mbili hivi. Alishuka mbio, mama akapiga kelele, na yeye akasimamisha kinga mbele ya miguu yake kimya, hata vumbi haikumufikia. Tata aliamuka. Alilia kidogo kwa furaha, kisha akamuchapa juu ya kugusa kitu ya mukubwa. Toka siku ile bantu balisema ule mutoto eko na mukono wa kusimamisha bitu.

Juu ya yaya njo ninaandika. Kama ninazunguka, munisamehe. Mi nilisoma miaka mbili tu kwa bapadri, na mwaka wa pili nilikuwa mu shamba yao ya mihogo kupita mu darasa. Kuandika nilijifunza vizuri kisha, mu kazi, kwa kuandika namba. Mutaona namna gani.

Tata alikuwa ametoka Kasai, bazungu ba kompani balimuleta kwa kazi ya shimo pale Kolwezi, mbele sana ya dipanda, ni kusema uhuru. Sisi bana bake tulikuwa tunajua tutaingia kazi ileile. Yaya aliingia kwanza, bakamufanya mutu wa freni.

Niseme namna kazi ilikuwa. Jina ya shimo naiacha. Majiwe ya shaba yalikuwa yanapakiwa juu, mu wagoni, na wagoni zilikuwa zinashuka muteremko mpaka ku mashini ya kusaga. Zinashuka tatu tatu, zimefungana, na uzito yao wenyewe. Nyuma ya ile ya mwisho mutu mumoja anasimama na gurudumu ya chuma mu mikono, anaizungusha, inakaza freni. Ule mutu alikuwa yaya. Akizungusha sana, wagoni zinasimama katikati ya njia na kapita, musimamizi wa kazi, anatukana mama yake. Akizungusha kidogo, zinakimbia. Yaya alikuwa anazishusha sawa mutu mwenye kubeba mayai.

Chini, mbele ya mashini, reli ilikuwa inagawanyika. Kama wagoni zinashinda mutu wa freni, mulinzi wa chini anavuta chuma na zinaingia mu reli ya pembeni, yenye inaishia ku kilima cha udongo. Zinagonga pale. Bitu inavunjika, lakini mashini inapona. Mutu wa freni je? Kwa yeye bazungu hawakuwa wamefikiri bado. Benyewe balijifikiria. Balikuwa na desturi: ukiona gurudumu haikamati tena, unaruka upande wa kushoto, mu majani marefu, mbele ya kufika pale reli inagawanyika. Bengi baliruka. Mumoja alivunja mugulu, mumoja kiuno, na ule wa kiuno alikuwa anauza karanga pale Manika, amekaa chini, na bantu ba freni balikuwa wananunua kwake tu.

Njo alikuja enjenieri. Muzungu kijana, miwani, shingo nyekundu sawa ya kuku dume. Bakamupa kibanda nyuma ya atelie ya mafundi na bantu bane, mi mumoja. Nilikuwa na miaka kama makumi mbili, na bibi nilikuwa nimekwisha kuoa.

Asubuhi alikuwa na kazi ya maji na majiwe. Tunakata jiwe mviringo, urefu wa kiganja, tunaifunga mu mpira pande zote, tunasukuma maji kwa juu, na mi nakaa chini na chupa kuhesabu matone yenye inapita. Alitaka kujua ukuta wa shimo utatoa maji ngapi mvua ikinyesha. Kuna jiwe unaibeba unasema hii ni nzito sawa roho ya shefu wa kambi, kumbe kisha saa moja inaanza kulia machozi. Na ingine, yenye matundu juu unaona na macho, inakataa hata tone moja, juu matundu hayashikane mikono ndani. Ile kazi niliipenda, haikuwa na kelele. Lakini si yenye ninataka kusimulia.

Mangaribi ilikuwa kazi ya mapipa. Alikuwa amesimamisha miti tatu mikubwa, na mu kichwa yao kapi na kamba. Tunavuta juu kipande cha chuma kizito kupita ng'ombe. Chini tunaweka pipa ya mafuta, tupu, mupya. Enjenieri anainua mukono, mumoja wetu anapiga kishikio na nyundo, na ile chuma inaanguka. Bum! Halafu mi naingia na rula, napima pipa imebakia urefu gani, naita namba, na kuandika pa kibao na chaki. Njo masomo yangu ile.

Alijaribu bitu mingi. Mifuko ya mchanga ilipasuka. Miti ilivunjika mara moja na kurusha bipande. Lakini pipa mupya, bandugu, ile ilikuwa ajabu. Ilikuwa inajikunja pete kwa pete kutoka juu, sawa kinanda chenye watu wanavuta na kukunja mu kifua. Kila pete inakula nguvu kidogo. Pete ya tano ao ya sita, chuma nzito imechoka, imekaa juu sawa mugeni mwenye kushiba.

"Pipa nakula nguvu," enjenieri alituambia na Swahili yake ya bazungu. "Nakula polepole. Mutu hapana kufa."

Siku moja tulikosa pipa mupya. Mi nilikuwa fundi wa kunyoosha: unaingiza gogo ndani, unagonga na nyundo ya mti, unageuza, unagonga, mpaka pipa yenye iliumia inasimama tena. Nilikuwa na kiburi na ile kazi. Bantu walikuwa wanapitisha mukono juu na kuuliza, iliumia wapi? Nikamuletea enjenieri pipa moja ya kunyoosha. Alicheka, akasema tuone. Chuma ilianguka, na pipa haikukunja hata pete moja. Ililala upande sawa mulevi, na ile chuma ikafika chini na nguvu yake yote.

"Ile mufu," enjenieri akasema. "Usilete tena mufu."

Niliona na macho yangu mbili. Ninaiandika hapa juu mutu asiseme sikujua.

Njo nilimuita yaya kuja kuona. Alikuja kisha kazi, na vumbi ya shaba mu nyusi. Chuma ilianguka juu ya pipa mupya, ikajikunja vizuri. Yaya alienda kuweka mukono juu yake, akauondoa mbio.

"Inachoma!"

"Ni nguvu yenye ilikula," nikamwambia. "Inabakia ndani, inageuka moto. Enjenieri alinifasiria."

"Mudogo, wewe umekuwa muzungu."

"Yaya, sikia. Bataweka mapipa sawa hii mbele ya kilima cha udongo, safu kwa safu. Siku freni itakushinda, usiruke. Kaa chini, kamata gurudumu, weka kichwa mu magoti. Mapipa itakula."

Alicheka. "Miguu yangu inajua ile majani ya kushoto."

"Na ule wa karanga, miguu yake haikujua? Mi ninapima kila siku, yaya. Mi njo naandika namba. Usiruke."

Yaya hakuwa mutu wa kuamini bitu upesi. Lakini alikuwa ananiamini mi. Kesho yake alitangazia benzake wote kama yeye haruke tena, mudogo yake alipima. Balimucheka: "Basi ukikufa utatuambia!" Yeye alitikisa mabega. Siku ya Mungu kisha misa alikuwa anaambia hata bantu wenye hatukujua: "Ule mudogo yangu, kazi yake ni kuhesabu namna chuma inaumia."

Ile mwaka enjenieri alimaliza hesabu yake, akaiandika mu karatasi nzuri, na kompani ikakubali. Mapipa mapya, safu tisa, yafungwe na waya, mbele ya kilima. Halafu yeye akaenda konje, mapumziko, kwao Ulaya, miezi sita, sawa vile bazungu balikuwa wanaenda. Mapipa yalifika kisha yeye kuondoka, na kapita wetu njo alibakia nayo.

Sasa nifasirie pipa ilikuwa nini kwetu, juu kijana wa leo hataelewa. Bomba ya maji ilikuwa moja kwa mustari muzima wa nyumba, na ilikuwa inafunguliwa asubuhi kidogo na mangaribi kidogo. Mwenye hana pipa anasimama na sahani na chungu, anasukumana. Mwenye eko na pipa anajaza, anafunika, anakaa sawa shefu. Msichana akiombwa ndoa, shangazi yake anauliza kwanza: kule kuna pipa? Na si pipa ya kunyoosha, juu ile inavuja pa mikunjo. Pipa mupya.

Kapita alikuwa mutu muzuri. Alitoka kaskazini ya Katanga, aliimba sauti ya chini mu kanisa ya Baprotestanti, alijua kuchekesha. Hakuona mwizi mu ile mambo, na mi pia sikuona, ninasema kweli. Pipa ni pipa. Kompani ilitaka safu tisa za mapipa, itapata safu tisa. Alianza kutoa mapipa mapya moja moja: kwa mukubwa wa kanisa, kwa mulinzi wa chini, kwa bibi ya karani. Na kila moja yenye inatoka, mi naleta ya kunyoosha mahali pake, na tunaipaka rangi nyekundu. Nilinyoosha vizuri sana ile miezi. Sijapata kunyoosha vizuri vile tena.

Na kwangu? Mama mukwe alikuwa amekuja toka Kasai, juu bibi yangu alikuwa amezaa mutoto wetu wa kwanza. Kwetu mukwe halale mu nyumba ya bwana wa binti yake, na mi siwezi kumuangalia mu uso. Alikuwa analala kwa jirani, na asubuhi anasimama pa bomba na chungu, mama muzima, anasukumwa na batoto. Mi natoka kazi, namuona kwa mbali, nageuka kupita njia ingine na haya.

Siku moja alisema na bibi yangu nyuma ya ukuta wa majani, sauti yenye ilitaka kufika kwangu: "Mwambie bwana yako mi sikumutuma kitu. Ninauliza tu: ule mwenye kufanya kazi ya mapipa, kwake pipa iko wapi?"

Bibi yangu alicheka. Mi sikucheka. Kesho yake nilimuomba kapita.

"Wee Mukasai!" akasema. "Nilikuwa nashangaa. Bote bamekwisha kuja, wewe fundi mwenyewe unakaa kimya. Nilisema pengine kwenu munakunywa mvua tu. Beba!"

Niliiviringisha mpaka nyumbani mchana kweupe, bantu banapiga makofi. Mama mukwe alinitumia kuku ya kupika kwa njia ya bibi. Wiki mbili nilikuwa mutu.

Halafu nikaenda siku moja ku mwisho wa reli na waya ya kufunga, nikapitisha jicho safu ya kwanza mpaka ya mwisho. Mukono yangu ulijua. Hii niliinyoosha mi. Hii mi. Hii mi. Nikagonga na kidole kila moja: mupya inalia, ya kunyoosha inakohoa. Pa safu tisa zote sikupata mupya yenye kufika vidole vya mikono mbili.

Nilimufuata kapita. "Tata kapita, ile mapipa haitakula."

"Haitakula nini?"

"Nguvu. Enjenieri alijaribu. Alisema ni mufu."

"Enjenieri eko Ulaya anakula jibini." Halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Mudogo, sikia. Unataka nifanye nini? Niende kwa mukubwa wa kanisa kusema toa pipa, mimina maji? Kwa mulinzi? Kwa nani tutaanza? Kwa mama mukwe yako?"

Nilisema ndiyo, tuanze kwangu. Nilikuwa na moto siku ile. Saa sita nilimwaga maji, nikaiviringisha pipa kurudi. Bibi yangu alisimama pa mulango na mutoto. Nilifika pale chini, jua kali, nikaisimamisha mu safu ya mbele. Kapita alikuja, akasimama pembeni yangu, mikono nyuma.

"Sasa iko moja," akasema, pole kabisa, hakuwa na mucheko. "Moja na ile yote nyuma yake. Itafanya nini?"

Nilipiga hesabu mu kichwa sawa vile nilijifunza. Haitafanya kitu. Hata ile hesabu nilijua. Nikaiviringisha tena nyumbani, na ile jioni mama mukwe aliijaza.

Kisha alikuja muzungu wa reli kukagua, mahali pa enjenieri. Nilisema sasa yeye ataona. Alipita na viatu vyake vyeupe, akapiga teke pipa moja ya mbele, akaangalia rangi, akasema "Bien," akaandika. Mi nilikuwa umbali wa hatua tatu. Kifaransa yangu ilikuwa ya namba tu. Na hata kama ingekuwa ya kadinali, kapita alikuwa pale, na mulinzi, na mapipa yao nyumbani, na yangu. Nikainama kukaza waya.

Kulibaki kumwambia yaya. Hiyo haikuhitaji Kifaransa. Neno moja: ruka. Ruka sawa zamani. Nilienda kwake siku ya Mungu nikiwa nimeipanga mu kinywa. Nikamukuta na benzake wa freni, munkoyo, kinywaji ya mihindi, katikati yao, na mara aliponiona akasimama: "Huyu hapa! Mumuulize yeye mwenyewe! Mwambie hawa, mudogo. Baruke, baache?"

Bote baliniangalia. Ule mumoja mwenye kutania sana akasema: "Sema, muzungu mweusi. Tuko tunangoja."

Nilifungua kinywa. Ninaapa nilifungua. Nikasema: "Freni ikiwa nzuri hakuna haja ya kuruka." Balicheka, bakasema nimejibu sawa avoka wa korti. Yaya alinimiminia kikombe.

Nilisema wiki yenye kuja. Wiki ikaja, mutoto akawa na homa. Ingine, mvua. Ingine, nilienda mpaka pa mulango yake nikasikia anaimbia batoto bake, nikarudi. Enjenieri atarudi kisha miezi mbili, nikajiambia, ataangalia mapipa, atajua upesi kupita mi. Mutu anaweza kukaa namna ile miezi muzima, anakula, anaenda kazi, ananyoosha mapipa.

Ilikuwa asubuhi, mvua ndogo yenye inapaka reli sawa mafuta. Nilikuwa natoa chuma mu kibanda. Nikasikia kengele ya mulinzi, si ile ya kawaida, ile yenye haikatike. Nilikimbia mpaka pale unaona muteremko.

Wagoni tatu zilikuwa zinakuja, na yaya nyuma, amesimama, kifua juu ya gurudumu, anazungusha na uzito yake yote. Gurudumu ilikuwa inazunguka bure. Nilikuwa upande wa majani. Nilipiga kelele: "Ruka! Yaya, ruka!" Pengine chuma ilifunika sauti yangu. Pengine alisikia akafikiri nimeogopa tu juu yake, sawa mudogo. Alipita majani ya kwanza. Alipita majani yote. Halafu nilimuona anakaa chini, polepole, anakamata gurudumu na mikono mbili, anaweka kichwa mu magoti, kabisa sawa vile nilimufundisha.

Mapipa yalilala. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, yote upande upande, bila pete hata moja. Wagoni ya mbele ilipanda juu ya udongo, ya pili ikapanda juu yake, na ya yaya ikageuka.

Hakufa. Balimutoa chini ya majiwe, mbavu zimevunjika, na mukono wa kuume umepondeka toka kiwiko. Ku lupitali ya kambi balikata vidole tatu na kuokoa ingine. Miezi mbili alilala pale. Nilikuwa naenda kila mangaribi na bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya mihogo, namulisha, juu hakuweza kukamata. Alikuwa anauliza jambo moja tu: "Mudogo, nilikaa vizuri? Pengine sikukaa vizuri."

"Ulikaa vizuri, yaya."

"Basi ni nini?"

Namupa tonge ingine.

Enjenieri alirudi. Bakafanya baraza mu ofisi ya shefu wa kambi: bazungu batatu, kapita, karani wa kutafsiri. Yaya bakamuweka pa benchi, mukono umefungwa pa kifua. Mi bakaniita juu nilikuwa mutu wa rula. Enjenieri alikuwa na kitabu yake, ileile yenye namba zangu ndani, na alikuwa mweupe sawa unga. Alisoma. Karani akafasiria: mapipa ya safu tisa yanasimamisha wagoni tatu zenye kuja na mbio kiasi hiki. Wagoni hazikusimama. Ni kusema zilikuja na mbio kupita kiasi, mara mbili. Na kwa kufika ile mbio, lazima mutu wa freni hakukaza toka juu. Alilala, ao alikunywa.

Ilikuwa hesabu safi. Mi mwenyewe nikiifuata sikupata mahali pa kuikata, ila mahali pamoja, na pale njo alifika.

Enjenieri aliondoa miwani, akaniangalia mi. Aliuliza mwenyewe, na Swahili yake, hakungoja karani: "Weye. Mapipa yote ilikuwa mupya?"

Kapita alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakunitisha, hakunikonyeza, kitu. Nilifikiri mukubwa wa kanisa, mulinzi, karani mwenye alikuwa anafasiria, bibi yake pia alikuwa na pipa. Nilifikiri bataniweka mu gereza na kufukuza bibi yangu mu nyumba ya kompani na mutoto mu mugongo. Nilifikiri yaya ataelewa. Sijui kwa nini nilifikiri ile.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Mupya yote."

Yaya hakugeuka. Balimuandikia karatasi ya kufukuzwa: mutu mwenye kukosa freni kwa uzembe. Nyumba aiache mwisho wa mwezi. Bibi yake na batoto balikuwa bamekwisha kwenda kwa bazazi babo Mutshatsha, toka siku za lupitali.

Tulitoka pamoja. Nilimuleta kwangu ale. Tulikaa inje, upande wa kivuli ya nyumba, bibi yangu anasonga bukari ndani. Yaya alikuwa anaangalia mukono yake, ile yenye bantu balisema inasimamisha bitu.

"Mi nilikaza, mudogo," akasema. "Toka juu kabisa. Wewe unaniamini?"

Njo nilisema. Sikupanga, ilitoka yenyewe. Nikasema yote, kapita, rangi nyekundu, mama mukwe, muzungu wa viatu vyeupe, ile siku ya munkoyo. Nilisema mpaka nikakosa la kusema.

Kisha aliuliza: "Ulijua mbele ya ile siku ya mvua?"

"Nilijua."

"Miezi ngapi?"

"Tatu."

Alitikisa kichwa, polepole, sawa mutu mwenye kupokea habari ya mufu wa mbali. Nilingoja anipige. Alikuwa na mukono wa kushoto bado, na ulikuwa muzima. Nilisogea hata karibu kidogo juu aweze.

Bibi yangu akaita toka ndani: "Shemeji, bukari iko tayari, munawe mikono!"

"Aksanti, mama," yaya akajibu, na sauti yake ya kila siku. Akasimama, akakamata mbavu na mukono. Akapita pembeni ya jirani mwenye alikuwa anafuma kitanda, akamusalimia, akauliza habari ya batoto. Akashuka mpaka ku reli kubwa yenye inaenda upande wa Mutshatsha, akaanza kutembea juu ya miti ya reli, hatua fupi, juu mbavu zilikuwa zinamuuma. Nilimuangalia mpaka pale reli inageuka. Hakurudi tena.